Je, Wajua? Presha ya Mtoto Mwenye Down Anapolazwa kwa Dawa

Je, wajua kwamba namba ya presha inayomshtua daktari kwa mtoto mmoja inaweza kuwa namba ya kila siku ya mtoto mwingine?

Wahudumu wa dharura wana hesabu fupi wanayotembea nayo kichwani. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 10, chukua umri wake, zidisha kwa 2, jumlisha 70. Namba ya juu ya presha ikiwa chini ya jibu hilo, mtoto huyo presha yake imeshuka. Wa miaka 6 mpaka wake ni 82. Kuanzia miaka 10 mpaka ni 90. Ni hesabu nzuri na haifai kutupwa. Lakini ilitungwa kwa watoto wote kwa jumla, na ndani ya jumla hiyo wamo watoto na vijana wenye sindromu ya Down, ambao wengi wao presha yao hukaa chini ya ile ya wenzao wa rika moja. Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi wakishakuwa watu wazima, na wengi huzeeka bila kuambiwa hata siku moja kwamba wana presha ya kupanda. Mwaka 1977 madaktari wa Uingereza walichunguza mishipa ya watu wachache waliofariki wakiwa na sindromu hiyo, wakaikuta imesalimika na yale mafuta yanayoganda kwenye kuta za mishipa ya watu wengine.

Kwa maisha ya kawaida hiyo ni neema. Neema hiyo hugeuka kuwa jambo la kuangaliwa kwa makini siku kijana huyo anapolazwa kwa dawa ili apigwe picha ya MRI, atolewe jino au tonsesi, au apimwe moyo. Dawa nyingi za usingizi hushusha presha, na anayeanzia chini hana nafasi kubwa ya kushuka.

Je, wajua kwa nini presha yao huwa chini?

Sindromu ya Down ilielezwa na daktari Mwingereza John Langdon Down mwaka 1866, lakini chanzo chake kilikaa gizani kwa miaka zaidi ya 90. Mwaka 1959, mjini Paris, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walitangaza kwamba chembe za watoto hawa zina kromosomu 47 badala ya 46. Ile ya ziada ni ya 21. Gautier ndiye aliyeotesha chembe hizo maabara, na kwa miaka mingi sifa zilikwenda kwa Lejeune. Ni haki atajwe kila habari hii inaposimuliwa. Siku ya Down duniani huadhimishwa tarehe 21 Machi, yaani kromosomu ya 21 mara 3, na Umoja wa Mataifa umeitambua tangu 2012.

Mtoto mmoja katika kila watoto 700 hadi 1,000 huzaliwa na hali hii. Uwezekano huongezeka kadiri umri wa mama unavyosonga, ingawa akina mama vijana nao huwazaa. Hakuna alichokula mama, alichokosea wala alichorogwa kinachohusika hapa.

Sasa presha. Katika kromosomu hiyo hiyo ya 21 limo jeni linalotengeneza kolajeni ya aina ya 18, na kipande cha kolajeni hiyo kikikatwa huwa protini iitwayo endostatini. Mwenye nakala tatu za jeni huwa na endostatini nyingi zaidi kwenye damu. Protini hii huzuia vishipa vipya kuota, na wataalamu wengi wanaona kwamba ndiyo mojawapo ya sababu za saratani za uvimbe, kama ya titi, kuwa adimu kwa watu wenye Down. Watafiti wa Marekani walipoipima kwa panya waliona jambo la pili: presha ilishuka, kwa kuwa endostatini iliamsha nitriki oksaidi, gesi ambayo mwili huitengeneza kulegeza mishipa.

Sababu nyingine iko kwenye neva, na hii ndiyo ningependa kila mwalimu wa michezo aisikie. Mtu akikunja ngumi kwa nguvu na kuishikilia, moyo wake huongeza kasi na presha yake hupanda. Mwenye Down akifanya hivyo hivyo, vyote viwili hupanda kidogo tu. Akikimbia mpaka aishiwe nguvu, mapigo ya moyo wake huishia 20 hadi 30 kwa dakika chini ya yale yanayotarajiwa kwa umri wake. Adrenalini na noradrenalini, homoni ambazo kwa wengine humiminika wakati wa mazoezi makali, kwake hazipandi sana. Watoto wangapi wameitwa wavivu uwanjani, wakati miili yao ilikuwa imeshatoa kila ilichonacho!

Hapo ndipo usingizi wa dawa unapoingia. Presha ikishuka ghafla, mwili hujitetea kwa kuongeza mapigo na kubana mishipa, na amri ya kufanya hivyo hupitia neva hizo hizo. Kwa kijana mwenye Down utetezi huo huja ukiwa dhaifu. Daktari wa usingizi anajua kwamba safari hii itambidi yeye mwenyewe afanye sehemu ya kazi ambayo kwa mtoto mwingine mwili ungeifanya bila kuombwa.

Je, wajua kwamba mvuke unaopendwa sana kuwalaza watoto hupunguza mwendo wa moyo wa wengi wao?

Sevofluraini hupendwa kwa sababu haikeri pua. Mtoto huwekewa barakoa, akapumua mara kadhaa, akalala kabla ya kuona sindano. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliolinganisha watoto zaidi ya 200 wenye Down na wengine wasio na hali hiyo walipolazwa kwa mvuke huo. Moyo ulipungua mwendo kupita kiasi kwa asilimia 57 ya wenye Down. Kwa wale wengine ilikuwa asilimia 12. Tena iliwapata waliowahi kuwa na ugonjwa wa moyo na wasiowahi kuwa nao vilevile.

Mapigo yakipungua, presha hufuata. Moyo wa mtoto mdogo hauwezi kuongeza sana kiasi cha damu unachosukuma kwa pigo moja, kwa hiyo presha yake hutegemea idadi ya mapigo kuliko ya mtu mzima. Mara nyingi tiba ni nyepesi: mvuke unapunguzwa, kidevu kinainuliwa njia ya hewa ifunguke, mtoto anaguswaguswa, moyo unarudi kwenye mwendo wake. Wachache huhitaji dawa. Kinachotakiwa ni kwamba mtu awe anatazama mashine dakika hizo za mwanzo, wala asiwe ameinama kutafuta mshipa wa kuweka dripu huku hakuna mwingine wa kutazama. Mishipa ya mikononi mwa watoto hawa huwa migumu kupatikana, na ugumu huo huwavuta watu wawili au watatu kwenye mkono mmoja.

Je, wajua kuhusu hofu ya atropini?

Atropini ni dawa ya kuongeza mapigo ya moyo, na asili yake ni mmea wenye sumu uitwao Atropa belladonna. Mwaka 1968 jarida moja kubwa la Marekani lilichapisha habari kwamba watu wenye Down huathiriwa na atropini kupita kiasi, na kwa miaka mingi vitabu vikaonya wasipewe. Madaktari wa usingizi wa Toronto, Kanada, walipopitia uzoefu wao kwa wagonjwa 100 na kuuchapisha mwaka 1982, hawakuona hatari hiyo. Mboni za macho yao hupanuka zaidi kwa atropini, ndiyo, lakini huko ni kwenye jicho. Mtoto ambaye moyo wake umepungua mwendo akihitaji atropini, apewe.

Je, wajua kwamba mwili una presha mbili, na kwa watoto hawa ile isiyopimwa kwa mkanda ndiyo ya kuogopwa zaidi?

Presha tunayoijua, ya mkononi, ni ya damu inayotoka upande wa kushoto wa moyo kwenda mwili mzima. Upande wa kulia nao husukuma damu kwenda kwenye mapafu, na huko presha ni ndogo sana: wastani wake kwa mtu mzima mwenye afya ni kama 14, na ukizidi 20 huhesabiwa kuwa presha ya mapafu imepanda. Mkanda wa mkononi hauioni kabisa. Huonekana kwa kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na hupimwa kwa uhakika kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa mpaka moyoni.

Karibu nusu ya watoto wenye Down huzaliwa na hitilafu ya moyo. Iliyo yao hasa ni pale ukuta wa katikati ya moyo unapokosekana, kati ya vyumba vya juu na kati ya vile vya chini, na mlango wa damu ukawa mmoja mpana badala ya miwili. Katika miezi ya mwanzo damu hutoka kushoto, kwenye presha kubwa, ikamiminikia kulia na kuyafurikisha mapafu. Mtoto hupumua haraka, hutoka jasho anaponyonya, haongezeki uzito. Akifanyiwa upasuaji mapema, kwa kawaida katika miezi ya kwanza ya maisha, mapafu husalimika. Akichelewa, vishipa vya mapafu hukakamaa kwa kupigwa na damu hiyo, na presha ya mapafu hupanda ikabaki juu hata tundu likizibwa.

Fikiria sasa kijana ambaye tundu lake halijazibwa, na presha ya mapafu imepanda mpaka karibu kulingana na ya mwili. Anapewa dawa ya usingizi. Dawa inalegeza mishipa ya mwili, presha ya mkononi inashuka. Ya mapafu inabaki ilipo. Maji hufuata mteremko, na damu ni hivyo hivyo: sasa inavuka tundu kutoka kulia kwenda kushoto, damu ambayo haijapita kwenye mapafu kupata oksijeni, na midomo inaanza kugeuka rangi. Kupungua kwa oksijeni kunafanya vishipa vya mapafu vijibane zaidi, na presha ya mapafu inapanda tena. Ulimi ukiwa umeangukia nyuma na hewa chafu inakusanyika mwilini, kubana huko kunazidi. Dakika chache zinatosha kwa mduara huu kuwa hatari ya kifo.

Ndiyo sababu daktari wa usingizi anayemjua mtoto wa namna hii hatosheki na jibu kwamba “moyo ulishapimwa”. Atauliza ulipimwa lini, tundu lilizibwa au la, na presha ya mapafu ilikuwaje. Kwetu Afrika Mashariki swali hilo ni zito, kwa kuwa watoto wengi hufika kwa wataalamu wa moyo wakiwa wamechelewa. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam na Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago huwafanyia watoto upasuaji wa moyo, lakini safari ya kutoka zahanati ya kijijini mpaka kwenye meza hiyo bado ni ndefu mno. Mtoto mchanga mwenye Down anastahili kipimo cha eko hata kama hana dalili yoyote, na hata kama sikio la daktari halikusikia sauti ngeni kwenye moyo.

Je, wajua kwamba kuna watoto hulala wameketi, miguu wameikunja na kichwa wamekiinamisha mbele?

Wazazi wengi wa watoto wenye Down wanaujua mkao huo. Wapo wanaoupiga picha kwa mapenzi, maana unachekesha kidogo. Mara nyingi ni dalili kwamba mtoto anatafuta hewa. Sehemu ya kati ya uso wao ni ndogo, ulimi unaijaza nafasi iliyopo, misuli ni milegevu, na tonsesi na nyama za puani huongeza msongamano. Zaidi ya nusu ya watoto hawa pumzi zao hukatika wakiwa usingizini. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri kila mtoto mwenye Down apimwe usingizi wake kabla ya kutimiza miaka 4, awe anakoroma au hakoromi, kwa sababu masikio ya wazazi peke yake hayatoshi kugundua.

Pumzi zinazokatika kila usiku hupandisha presha ya mapafu kidogo kidogo. Na dawa ya usingizi huwafanya wafunge njia ya hewa kama wanavyofanya usiku, ila sasa hawawezi kujigeuza wala kuketi.

Huko Cincinnati, Marekani, hospitali ya watoto ya mji huo iligeuza tatizo hili kuwa kipimo. Watoto ambao bado walikuwa wakikosa pumzi hata baada ya kutolewa tonsesi, wengi wao wenye Down, walilazwa kwa dawa ndani ya mashine ya MRI, na mashine ikapiga picha zinazotembea za koo lao likifunga na kufunguka. Daktari wa upasuaji aliona kwa macho mahali panapoziba: nyuma ya ulimi, kwenye tonsesi za mzizi wa ulimi, au juu zaidi. Lakini ili picha iwe ya kweli, usingizi wa dawa ulipaswa kufanana na usingizi wa usiku. Uchaguzi wa dawa ukawa jambo kubwa.

Je, wajua dawa hizi zilikotoka, na kila moja inavyoitendea presha?

Propofoli ni nyeupe kama maziwa kwa sababu imeyeyushwa katika mafuta ya soya na mafuta ya kiini cha yai. Aliyeigundua, John Glen wa Uskoti, alikuwa daktari wa mifugo. Aliipata miaka ya 1970 na ikaingia sokoni 1986. Hulaza haraka na huamsha haraka. Pia hushusha presha haraka, kwa kulegeza mishipa, na hulilegeza koo.

Deksmedetomidini iliidhinishwa Marekani mwaka 1999 kwa wagonjwa wa chumba cha uangalizi maalumu. Usingizi wake unakaribia wa kawaida na pumzi haizimiki kirahisi, ndiyo maana Cincinnati waliipendelea: watoto wenye tatizo la pumzi walihitaji kusaidiwa njia ya hewa mara chache kuliko waliopewa propofoli. Presha yake ina mwendo wa ajabu. Ikiingizwa haraka, kwanza presha hupanda, kwa kuwa dawa inabana mishipa ya pembeni. Halafu, inapofika kwenye ubongo na kutuliza neva, mapigo hupungua na presha huteremka. Mtu asiyeijua atashangaa kuona moyo unakwenda polepole huku presha iko juu. Hapo ndipo kosa huweza kutokea: madaktari wa Boston wameandika juu ya presha iliyoruka mno pale mtoto alipopewa dawa ya kuongeza mapigo wakati mishipa yake bado imebanwa. Kwa mtoto mwenye Down, ambaye mapigo yake ni mepesi kushuka, dawa hii huhitaji mkono wa polepole na jicho lisilobanduka.

Ketamini ndiyo tunayoijua zaidi huku. Ilitengenezwa mwaka 1962 na mkemia Calvin Stevens, Marekani, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 1985. Katika hospitali nyingi za wilaya za Tanzania, Kenya na Uganda ndiyo dawa ya kutegemewa, kwa kuwa hupandisha presha badala ya kuishusha, na mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe. Inafanya hivyo kwa kuzichochea neva zile zile ambazo kwa mwenye Down huitika kwa unyonge. Kwa hiyo mhudumu asiiwekee dhamana ya presha kabla ya kuipima. Huongeza mate pia, na mate kwenye koo lililo finyu si jambo dogo.

Je, wajua kwamba mkanda mdogo wa presha hudanganya kwa kutuliza?

Upana wa mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda unatakiwa kuwa kama asilimia 40 ya mzunguko wa mkono, na urefu wake uzunguke asilimia 80 hadi 100. Mkanda ukiwa mdogo, namba husomeka juu kuliko ukweli. Ukiwa mkubwa, husomeka chini. Vijana wengi wenye Down wana mikono mifupi na minene. Mhudumu akichagua mkanda kwa kuangalia umri au urefu, atachukua mdogo, na mashine itasema 95 wakati damu iko 85. Chumba kinatulia wakati kilipaswa kushtuka.

Mashine yenyewe ina siri yake. Ile ya kujijaza hewa haisikilizi sauti kama daktari mwenye stetoskopu. Inahisi mtikisiko wa mshipa, na inachokipata kwa uhakika zaidi ni presha ya wastani. Namba ya juu na ya chini inazikokotoa. Ndiyo maana madaktari wengi wa usingizi huitazama kwanza namba ya tatu, ile ya mabano ambayo ndugu wa mgonjwa hawaioni.

Na huku kupima presha kwa mgonjwa aliyelazwa kwa dawa kulianzaje? Harvey Cushing, aliyekuja kuwa baba wa upasuaji wa ubongo, alipokuwa mwanafunzi mjini Boston alimpa mgonjwa etha mwaka 1893, na mgonjwa akafa. Yeye na mwenzake Amory Codman wakaanza kuandika mapigo na pumzi za kila mgonjwa kwenye karatasi. Mwaka 1901, mjini Pavia nchini Italia, aliuona mkanda uliobuniwa na Scipione Riva-Rocci miaka mitano kabla, akaja nao Baltimore na kuongeza presha kwenye karatasi hiyo. Wakubwa wa udaktari wa Boston waliuangalia mkanda huo wakaamua kwamba kidole kilichozoea kushika mshipa ni bora zaidi.

Je, wajua kwamba mtoto akilia, kipimo cha mwanzo huharibika?

Madaktari wengi hukubali presha ishuke kidogo wakati wa usingizi, lakini huchukua hatua ikishuka kwa asilimia 20 hadi 30 kutoka pale ilipoanzia. Ilianzia wapi? Tuseme kijana ameingia chumba cha upasuaji akilia, amemng'ang'ania mama yake, na mashine ikaandika 120. Akilala inaandika 84. Ni mshuko wa asilimia 30, kengele inalia, maji ya dripu yanafunguliwa. Lakini kliniki mwezi uliopita, akiwa ametulia, presha yake ilikuwa 90. Ukilinganisha na 90, ameshuka kwa asilimia 7 tu, na yale maji yote yamekwenda kwenye moyo uliowahi kushonwa, ambao huenda hauyahitaji.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Mtu anasema, “Hawa presha yao ndivyo ilivyo,” akaacha kutazama, kumbe mtoto anapoteza damu au moyo wake unashindwa. Presha ya chini ya kuzaliwa nayo huja na mikono yenye joto, ngozi ambayo ukiibonyeza rangi hurudi ndani ya sekunde 2, na mkojo wa kutosha. Presha ya chini ya hatari huja na vidole vya baridi na rangi isiyorudi. Mkono wa mhudumu juu ya mguu wa mtoto husema mengi ambayo kioo cha mashine hakisemi.

Kwenye usingizi mwepesi kuna tatizo jingine dogo linalosumbua kweli: mkanda ukijaa hewa na kubana, humwamsha mtoto, na picha ya MRI ya nusu saa ikaharibika. Wapo wataalamu ambao, mtoto akiwa salama kwa vipimo vingine, huongeza muda kati ya kipimo na kipimo. Kwa mwenye Down uamuzi huo haufai kuchukuliwa kwa wepesi.

Je, wajua kwamba presha ya juu kwao ndiyo inayotakiwa kuulizwa zaidi?

Kijana ambaye kwa kawaida angekuwa chini, ukimkuta juu siku mbili tatu mfululizo na mkanda ulikuwa sahihi, tafuta sababu: figo, dawa anazotumia, kukosa pumzi usiku. Kuna pia moyamoya, ugonjwa unaoziba polepole mishipa mikubwa ya ubongo, ambao huwapata wenye Down zaidi ya watu wengine na huweza kuleta kiharusi utotoni. Mwenye ugonjwa huo ubongo wake huitegemea presha iliyopo, na kuishusha kwa dawa za usingizi, hata ifikie namba inayoonekana nzuri kitabuni, kunaweza kumletea kiharusi.

Shingo nayo. Kano zinazoshika mifupa miwili ya juu ya uti wa mgongo ni legevu kwa baadhi yao. Kichwa kisipindwe wala kuvutwa kwa nguvu wakiwa wamelala, maana misuli inayokilinda imelala pia.

Je, wajua kwamba kuamka nako kuna saa yake?

Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri ni jambo la kawaida kwa watu wenye Down. Hupunguza mapigo ya moyo na kuurefusha usingizi wa dawa, kwa hiyo kipimo chake cha hivi karibuni ni cha kuletwa. Mtoto mwenye tatizo la pumzi huangaliwa kwa muda mrefu kuliko wenzake, wakati mwingine mpaka asubuhi, kwa sababu mabaki ya dawa na usingizi wa kweli wa usiku huo hukutana kwenye koo lile lile.

Mzazi ana karatasi ambayo hakuna mashine inayoweza kuitoa. Aandike presha na mapigo ya mtoto ya siku tatu tofauti za kliniki akiwa ametulia, na saizi ya mkanda uliotumika. Aandike lini moyo ulipimwa na kama tundu lilizibwa, anavyolala, na dawa ya usingizi aliyowahi kupewa na ilivyomtendea. Ampe daktari wa usingizi mkononi kabla ya siku ya kulazwa, si mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Na akiruhusiwa kuingia na mtoto mpaka alale, akubali: mtoto asiyelia huanza na namba ya kweli.